Alhamisi za Mama Seva

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti tu. Ofisini, na baadaye hata mtaani kwake, watu walimwita Mama Seva, na aliyeanzisha mzaha huo alikuwa mume wake mwenyewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache lakini yakimtoka hayarudi. Siku moja wageni waliokuwa sebuleni waliuliza wamejaliwa watoto wangapi. Fundi akajibu kwamba ni wawili: kuna binti yuko sekondari, na kuna kitinda mimba, anaitwa Seva, huyo hajawahi kulala wala hamwachi mama yake alale. Wageni wakacheka. Mama Seva naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba, unapapasa simu.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, mwembamba, mwepesi wa hatua, kiguu na njia hata ndani ya chumba cha hatua sita. Hakuweza kuongea na simu akiwa amekaa. Akibandika maji jikoni, alifunua sufuria mara tatu kabla hayajapata hata uvuguvugu. Asubuhi akitoka nyumbani alifunga mlango, akafika getini, akarudi kuusukuma kama kweli umefunga. Mama yake mzazi alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitanguliza miguu wakati wa kuzaliwa, na tangu siku hiyo miguu yenyewe haijapata taarifa kwamba safari imekwisha.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa: vyumba vitatu, watu tisa, feni mbili, na meza ndogo pembeni yenye birika la umeme na vikombe visivyolingana. Kazi yao ilikuwa kutengeneza na kutunza mfumo wa kompyuta uliotumiwa na zahanati sitini na mbili. Mjamzito akifika zahanati mara ya kwanza, muuguzi alimwandikisha humo, mfumo ukampangia tarehe za kurudi, na siku mbili kabla ya kila tarehe ukamtumia ujumbe kwenye simu kumkumbusha. Basi. Hakuna uchawi. Lakini wauguzi waliokumbuka enzi za madaftari walisema wazi kwamba kuna wanawake ambao leo wako hai kwa sababu ya ujumbe ule.

Mfumo wenyewe ulikaa kwenye seva, yaani kompyuta moja yenye nguvu iliyokuwa mbali, kwenye jengo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulitia machoni. Kila wiki waandishi wa programu pale ofisini walirekebisha hiki na kuongeza kile, na marekebisho yakiisha ilibidi mtu ayabebe ayapeleke kwenye seva: toleo la zamani litoke, jipya liingie, na zahanati zisihisi kitu. Mtu huyo alikuwa Mama Seva. Kila Alhamisi, saa tisa alasiri, kwa miaka tisa.

Kazi hiyo ilikuwa na hatua thelathini na moja. Hazikuandikwa popote, zilikuwa vidoleni mwake. Afunge mlango wa mbele ili kazi mpya zisiingie, azime kile, anakili faili hizi, asiguse zile, abadilishe jina la folda, awashe, achungulie, awashe kingine. Siku ya Alhamisi hakula cha mchana. Kuanzia saa nane wenzake waliongea naye kwa sauti ya chini, kama watu walio karibu na mgonjwa. Ilijulikana pia kwamba katikati ya shughuli huinuka kwenda kujimiminia chai, na wakati huo usimsemeshe. Hata ukimsemesha hakusikii.

Miaka hiyo tisa ilikuwa imemla kidogo kidogo. Mdogo wake alipoolewa, Mama Seva alikuwa chumba cha kuvalia, kompyuta imekaa juu ya sanduku la maharusi, anawasha kitu kilichogoma kuwaka. Binti yake alipokimbia mbio za mita mia nane akashika nafasi ya pili, mama alikuwa nyuma ya jukwaa amewapa mgongo wakimbiaji, anatafuta mtandao. Likizo alizochukua zilikuwa za mahali penye mtandao tu, na hata huko alikuwa kama mtu aliyekalia miba.

Mara mbili mwenzake mmoja, mwandishi wa programu waliyempa jina la Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha jambo, alimshauri waifanye kazi ile ijiendeshe. Msimbo, yaani maandishi ya programu, ukishakaguliwa na kukubaliwa, mashine ichukue kuanzia hapo: iupime, iufungashe, iupeleke kwenye seva, iuwashe, na ukiwa mbovu iurudishe wa zamani. Ofisi nyingi zilishafanya hivyo zamani. Mara zote mbili Mama Seva alikataa. Alisema mashine haina uchungu. Mashine ikikosea haitokwi jasho. Hayo aliyasema mbele za watu. Ambalo hakulisema, wala hakulikubali hata moyoni, ni kwamba hakujua angekuwa nani baada ya saa tisa ya Alhamisi kama mikono yake isingehitajika.

Ndipo mama yake akapangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na tarehe ikaangukia Alhamisi.

Angeweza kuomba toleo lisubiri wiki. Taratibu alimwambia hivyo. Lakini alipiga hesabu zake akaona kwamba hospitali ya macho ina mtandao mzuri, mama ataingia chumba cha upasuaji, atatoka baada ya nusu saa, na katikati hapo yeye atakuwa amekaa bure. Na kukaa bure ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote.

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya chuma vilivyounganishwa pamoja, mmoja akitikisa mguu watano wanatikisika. Mama Seva alitikisa. Televisheni ya ukutani ilionyesha picha bila sauti mbele ya watu ambao wengi wao hawakuona vizuri. Kila baada ya dakika chache muuguzi alipita akimtilia mama yake matone, na bibi yule, mtu mzima wa miaka sabini na moja ambaye hakuwahi kuogopa nyoka wala mkwe, alikuwa amekunja vidole magotini.

"Nishike mkono kidogo, mwanangu," alisema.

"Dakika moja, mama. Namalizia tu."

Hakumalizia. Alikuwa hatua ya kumi na nane, au ya kumi na tisa. Aliposikia jina la mama yake likiitwa aliinua kichwa, na akamwona bibi ameshashikwa mkono na muuguzi, anaongozwa polepole kwenye mlango wa kusukuma, bila kugeuka nyuma. Mama Seva akarudisha macho kwenye kioo cha kompyuta. Vidole vikaendelea vyenyewe. Mfumo ukawaka, akachungulia, kila kitu kikaonekana sawa. Akafunga kompyuta, akasimama, akaanza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani, mpaka mama yake alipotolewa na jicho limefunikwa, upasuaji umekwenda vizuri.

Jumatatu saa nne asubuhi simu ya ofisi ililia. Muuguzi wa zahanati moja alitaka kujua kuna nini, mbona benchi lake liko tupu, waliofika ni wanne na aliowategemea ni kumi na tisa. Kabla hajakata, simu ya pili ikaita kutoka zahanati nyingine, na maneno yalikuwa yaleyale.

 Taratibu akafungua droo ya chini ya meza yake akatoa simu ya zamani iliyokuwa imekufa chaji. Ilikuwa simu ya majaribio. Mfumo ulikuwa na faili mbili za mipangilio: moja ya kweli, iliyotuma ujumbe kwa wajawazito, na moja ya majaribio, iliyopeleka kila ujumbe kwenye simu ile ili wasije wakawasumbua watu. Akaichomeka kwenye umeme, akaiweka mezani, wote wakaizunguka. Ikawaka. Ikatulia. Kisha ikaanza kutetemeka, na haikuacha. Ilitetemeka ikajisogeza yenyewe mpaka ukingoni mwa meza, mtu akaidaka. Ulipohesabiwa, ujumbe ulikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na nne, kila mmoja ukianza kwa jina la mwanamke ambaye hakuupata.

Mama Seva hakuuliza nani. Alijua ni hatua ipi iliyopeleka faili ya majaribio badala ya ile ya kweli, na alijua alikuwa anatazama nini wakati anaikosea.

Faili ilirekebishwa kwa dakika mbili. Ujumbe wa kuomba radhi ukatumwa kwa wote, na wengi wao walifika zahanati siku iliyofuata wakinung'unika tu. Lakini kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na tatizo la shinikizo la damu, ambaye alitumia simu ya jirani, na jirani alikuwa safarini. Alifika Jumatano badala ya Jumatatu, miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Alikimbizwa hospitali kubwa, akapasuliwa, mtoto akatoka kabla ya siku zake. Wote wawili walipona, ingawa kichanga kilikaa wiki tatu kwenye chumba cha joto. Muuguzi aliyepiga simu kuwapa habari hizo hakulaumu mtu. Alieleza kwa utulivu, akashukuru, akakata. Afadhali angetukana.

Siku hiyo Mama Seva alishuka ngazi akapanda, akashuka akapanda, watu wa duka la vitambaa wakadhani amepoteza kitu. Mwishowe aliingia kwa mkuu wa ofisi na barua ya kuacha kazi mkononi. Mkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa mkunga miaka ishirini kabla ya kuingia mambo ya ofisi. Aliisoma barua, akaikunja, akaifanya kitako cha kikombe chake.

"Nimezalisha watoto ambao sikumbuki idadi yao," alisema. "Nilikuwa hodari. Na siku moja nilisahau kitu ambacho hata mwanafunzi hasahau. Unajua tulifanyaje? Hatukutafuta mkunga asiyesahau. Tulibandika orodha ukutani, kila mtu aisome kwa sauti, hata mimi." Akamtazama. "Wewe umekuwa ukuta wetu miaka tisa. Kosa ni letu sote, tuliokuacha. Nenda ukakae na Taratibu mfanye ile kazi uliyoikataa."

Basi wakaanza. Kukaa lakini alikaa Taratibu. Mama Seva alitembea nyuma ya kiti chake akitamka hatua, moja moja, na yeye akiziandika kwa lugha ya amri ambazo mashine ingezifuata. Walikodi seva ya pili, ndogo, wakaijaza wajawazito wa kubuni ili waharibu humo bila kumuumiza mtu.

Siku ya kwanza tu palizuka mvutano. Kwa miaka yote Mama Seva aliingia kwenye seva kwa ufunguo wake mwenyewe, yaani maneno ya siri yaliyofungua kila kitu. Alitaka mashine ipewe huo huo, iishe kazi. Taratibu akakataa kwa upole wake wa kuudhi. Alisema mgeni wa kuleta mzigo humpi funguo za chumba cha kulala. Akaitengenezea mashine ufunguo wake, wenye ruhusa nne tu: kuleta folda jipya, kubadilisha folda lipi ndilo linalotumika, kuzima na kuwasha programu, na kuuliza kama iko hai. Kitu kingine chochote ingeambiwa hapana. Na ile faili ya mipangilio, iliyowatia aibu, waliiweka kwenye seva mahali pake pa kudumu, isibebwe tena na mtu yeyote, ya kweli ibaki kwa kweli na ya majaribio ibaki kwa majaribio. Mama Seva alipoona jinsi jambo lile lilivyokuwa dogo, kazi ya alasiri moja, alitoka nje akasimama kwenye kibaraza. Alirudi macho mekundu, akasema waendelee.

Jaribio la kwanza lilitoa alama nyekundu. Ruhusa imekataliwa. La pili nyekundu. La tano likafika katikati likafa. Kila likianza Mama Seva alisimama nyuma ya Taratibu akipumua kwa nguvu, mpaka kijana wa watu akamwomba, kwa heshima zote, asogee hatua mbili maana anamtia upepo shingoni. Jaribio la kumi na mbili likatoa kijani kuanzia juu hadi chini. Walishikana mikono. Mkuu akaja kuangalia.

Lakini furaha ile haikudumu siku. Walirudia jaribio mara kumi, na katika mara tatu kati ya hizo walikuta kitu cha ajabu: wajawazito wa kubuni walioandikishwa nusunusu. Jina lipo, umri upo, tarehe ya kurudi hakuna. Mfumo uliwapokea mlangoni ukawasahau ukumbini.

Kwa mkono jambo hilo halikuwahi kutokea, hata siku moja, kwa miaka tisa. Mama Seva alirudia maneno hayo kama kesi mahakamani, na kuna sehemu ndani yake iliyofurahi, akaionea haya. Siku tatu waliusoma msimbo mstari kwa mstari. Walilinganisha hatua thelathini na moja za mdomo wake na hatua thelathini na moja za mashine. Zilikuwa zilezile, kwa mpangilio uleule. Siku ya nne Taratibu alisukuma kiti nyuma akamwomba akae yeye. Afanye kazi yote kwa mkono, kama Alhamisi yoyote, na asiseme chochote. Yeye atakaa pembeni na saa.

Akakaa. Vidole vikaanza kukimbia. Hatua ya kumi ilikuwa kufunga mlango wa mbele wa mfumo. Akaufunga. Kisha akainuka.

"Unakwenda wapi?" Taratibu aliuliza.

"Namimina chai."

"Kila mara?"

"Kila mara nini? Nina kiu."

 Taratibu aliinama kwenye kioo cha kompyuta, akafungua dirisha jingine lililoonyesha kazi ambazo mfumo ulikuwa bado unazimalizia kwa ndani, zile zilizoingia kabla mlango haujafungwa. Zilikuwa arobaini na moja. Birika likachemka. Thelathini. Mama Seva akatafuta kijiko. Kumi na mbili. Akatia sukari, akakoroga, akapuliza. Mbili. Moja. Aliporudi na kikombe chake, dakika nne na ushei, palikuwa na sifuri.

"Mama," alisema Taratibu polepole, "hatua ya kumi na moja ni chai."

Alimtazama kama hajaelewa, kisha akaelewa. Alicheka mpaka akakiweka kikombe chini, akacheka mpaka mtu wa chumba cha tatu akaja kuchungulia. Miaka yote hiyo alidhani chai ile ni udhaifu wake, kisingizio cha mwoga cha kuinuka kitini. Kumbe wakati yeye anakoroga sukari, mfumo ulikuwa unamalizia kuandika wanawake wa watu. Mashine haikuwa na kiu. Ilifunga mlango na papo hapo ikazima taa, watu wakiwa bado ukumbini.

Kicheko kilimkatikia ghafla.

"Hospitali ya macho hakukuwa na chai," alisema.

Taratibu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Waliingia kwenye kumbukumbu za mfumo wa kweli, wakatafuta Alhamisi ile, saa tisa na dakika kadhaa. Walikuta wanawake saba. Majina kamili, umri, ujauzito wa miezi mingapi, na mahali pa tarehe ni patupu. Wiki sita zilikuwa zimepita. Hakuna ujumbe uliotumwa kwao, wala wa kweli wala wa majaribio, kwa hiyo hata ile simu ya droo haikuwajua. Kama mashine isingekosea, wasingetafutwa kamwe.

Siku hiyo hiyo wauguzi waliwapata sita kwa simu. Wa saba namba yake haikupatikana. Muuguzi wa zahanati yake, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mpira, alisema atakwenda kumtafuta nyumbani kesho yake, na Mama Seva akasema wanakwenda wote. Muuguzi alidhani anatania.

Walitembea saa mbili. Nyumba waliyoelekezwa ilikuwa na wapangaji wengine. Mwanamke alihamia kwa dada yake. Kwa dada yake waliambiwa ametoka, yuko mtaa wa tatu anapofanyia kazi. Muuguzi alipumzika njiani mara mbili. Mama Seva hakupumzika hata mara moja. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, miguu yake na roho yake vilikuwa vinakwenda mahali pamoja.

Walimkuta kwenye kibaraza, cherehani mbele yake, mimba imekuwa kubwa kiasi kwamba ilimbidi akae upande ili aifikie kazi. Mshonaji. Muuguzi alimsalimu, akampima shinikizo hapohapo kati ya vipande vya vitambaa, akasikiliza tumbo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mshonaji aliwaangalia wote wawili.

"Nilingoja ujumbe," alisema. "Mwenzangu niliyeandikishwa naye aliupata. Nikadhani mimi mmenisahau."

"Tulikusahau," alisema Mama Seva. "Niliyekusahau ni mimi. Nilikuwa nafanya mambo mawili kwa wakati mmoja."

Mshonaji alimtazama kwa muda, bila hasira na bila kumwonea huruma. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Haya," akasema. "Basi nipe tarehe."

Akapewa. Muuguzi aliiandika kwenye kadi, na Mama Seva akaisoma kwa sauti mara mbili.

Mama Seva aliporudi kazini, Taratibu alipanga hatua ya kumi na moja. Hakuweka dakika nne. Aliweka kwamba mashine, ikishafunga mlango wa mbele, iulize kila sekunde tano kama kuna kazi iliyobaki ndani, na isiguse taa mpaka ijibiwe sifuri. Mama Seva ndiye aliyeandika mistari hiyo kwa mikono yake, na maelezo aliyoyaweka juu yake, ili atakayekuja baadaye asije akaifuta, yalikuwa sentensi moja: watu bado wamo ndani, subiri.

Walijaribu mara hamsini. Waliipa mashine toleo bovu makusudi, ikaliwasha, ikaliuliza kama liko hai, halikujibu, ikarudisha la zamani bila kumwamsha mtu. Ndipo wakaamua kuipa mfumo wa kweli. Haikuwa Alhamisi. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, siku ya kawaida isiyo na heshima yoyote. Taratibu alikubali msimbo mpya kwa kubofya mara moja, wakatazama alama za kijani zikiwaka moja baada ya nyingine. Dakika sita. Zahanati hazikuhisi kitu. Wenzao walipiga makofi, mtu akasema wakanywe soda, na wote wakashuka.

Mama Seva alibaki. Alikuwa amejiandaa kwa kushindwa, si kwa hili. Mikono yake hakujua aiweke wapi. Alifungua seva kwa ufunguo wake wa zamani akachungulia, ilikuwa nzima. Baada ya dakika kumi akachungulia tena. Jioni alimweleza mume wake, naye alikuwa chini ya jokofu la mteja lililolala ubavu katikati ya ua wao, bisibisi mdomoni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa bisibisi akasema kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuitwa na mtu kuja kulisifu jokofu linalogandisha. Likifanya kazi, wenyewe hulisahau. Hilo ndilo jokofu zuri. Mama Seva akamwambia yeye si jokofu. Fundi akasema anajua, jokofu hutulia.

Mwezi uliofuata alichukua likizo ya wiki moja, akaenda kwa kaka yake mkubwa, mahali ambapo mtandao huja na kwenda kama paka wa jirani. Aliapa kwamba hataigusa simu. Aliigusa siku ya kwanza, saa moja na nusu baada ya kushuka garini. Akapanda kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, akaiinua juu mpaka ikanasa, akasubiri. Hakuna aliyempigia. Hakuna aliyeandika. Siku ya tatu hivyo hivyo. Alipoondoka, kaka yake alisema amefurahi kumwona, ingawa muda mwingi amemwona kwa mbali, juu ya kilima. Ofisini alikuta wametoa matoleo kumi na moja bila yeye. Taratibu alimwambia kwa furaha, na Mama Seva akafurahi, na akaumia, na ilimchukua siku mbili kujua ni kipi kilikuwa kikubwa zaidi.

Siku ya tatu akaingia kwa mkuu. Hakuwa na barua safari hii. Alisema kwamba kwa miaka tisa amepeleka programu kwenye zahanati sitini na mbili na hajawahi kuketi hata katika moja akaona inavyotumika, wala kuonana na mjamzito hata mmoja, isipokuwa siku ile aliyomfuata mshonaji. Anataka siku tatu kwa wiki azitembelee. Mkuu alimuuliza kama ataweza kukaa mbali na meza yake. Mama Seva akajibu kwamba mezani hajawahi kukaa.

Hivyo ndivyo alivyoanza kuzunguka. Hakugeuka mtu mwingine. Alhamisi ikifika saa tisa bado aliitazama saa, na binti yake alimkuta zaidi ya mara moja anachungulia seva chini ya meza ya chakula. Lakini zahanati ya nne aliyoitembelea alikaa pembeni ya muuguzi mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwona, kwa kila mama aliyekuja, akibofya mara kumi na nne ili kufika mahali ambapo palistahili mbofyo mmoja. Muuguzi hakuwahi kulalamika. Alidhani kompyuta ndivyo zilivyo. Mama Seva alimpigia Taratibu akiwa amesimama mlangoni, akamweleza, kisha akaagana na wauguzi akashika njia ya zahanati ya tano, kwa miguu, kwani walimwambia si mbali.

Hakuwa amefika nusu ya njia simu ikaita. Alikuwa yule muuguzi mzee, anaongea kwa sauti ya tahadhari kama mtu anayeogopa kwamba ameharibu kitu. Alisema kuna kibonyezo kipya kimetokea, hakikuwepo asubuhi, na amekibofya mara moja tu, kikamfikisha palepale. Alitaka kujua kama inaruhusiwa.

Mama Seva alimwambia inaruhusiwa, akaongeza mwendo.